Saa ya Tin Nyo kwenye Mkono wa Fundi

Fundi Ohn Khaing ana meza ya saa kwenye kona ya soko la chini, Mawlamyine, na mimi, mwanamke wa tambuu, nina meza kushoto kwake. Tumekaa hivyo miaka kumi na tisa. Watu wakitaka habari zake huja kwangu, kwa sababu yeye si msemaji mpaka umtie saa mkononi, na mimi mdomo wangu hauna breki. Basi nitasimulia, pamoja na lile nisilopenda kulisimulia.

Kwanza mjue ni fundi wa namna gani. Wengine ukiwapa saa wanafungua mfuniko papo hapo, wanapuliza, wanatia tone la mafuta, wanafunga, nenda zako. Yeye huanza na maswali. Unaivaa mkono gani? Unalala nayo? Ukilala, unalalia ubavu upi? Kazi yako nini? Wageni hudhani ni umbea. Si umbea, ndivyo anavyoutafuta ugonjwa wa saa ulipo. Akishamaliza kuisafisha kwa petroli na brashi, haikabidhi. Anaivaa yeye mwenyewe siku tatu, halafu ndipo anaamini imepona. Kuna wiki nilimwona na saa sita kwenye mkono mmoja, nikamwita kibanda cha saa.

Na ukiichukua saa yako, utapewa mawaidha. Usiiweke juu ya redio. Futa jasho kwa kitambaa kikavu kila jioni. Ikiingia maji ya mvua usiianike juani, niletee. Usiguse kitufe cha tarehe kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tisa, meno ya ndani yanakuwa yameshikana, utayavunja. Nimeyasikia mawaidha hayo mpaka naweza kufungua meza yangu ya saa.

Kulikuwa na saa alizozipenda kuliko zote, hizi za Kijapani zisizotiwa ufunguo. Ndani yake kuna kipande cha chuma kizito, nusu duara, kinachozunguka kila mkono unapotikisika, na kuzunguka kwake ndiko kunakokaza springi. Anayeivaa akishughulika, saa inatembea. Akikaa tu, inadumu siku moja na nusu, basi. Mara kwa mara alikuja mtu aliyestaafu serikalini, uso umekunjamana, saa imesimama. Fundi anaitikisa mara mbili sikioni, anairudisha.

"Mzee, saa haiumwi. Umestaafu wewe, nayo imestaafu. Kafagie pagoda wiki moja, halafu uje uniambie."

Nilikuwa nacheka mpaka popoo zinamwagika. Baadhi yao walikwenda kufagia kweli, na saa zikatembea.

Mkewe, Daw Tin Nyo, alikuwa nayo mojawapo, ya kike, uso wa kijani, mkanda wa chuma mwembamba. Aliletewa na binti yao wa pekee, Moe Pwint, anayemenya kamba wa baharini kiwandani huko Mahachai, Thailand. Moe Pwint alimtumia mama yake kwa mshahara wa kwanza, na alichagua isiyotiwa ufunguo makusudi, akijua mama hana nafasi ya kukumbuka mambo ya ufunguo. Tin Nyo alikuwa anauza tambi za supu ya kambare upande wa pili wa soko. Mtu aliyeamka kabla ya majogoo, akaponda mchaichai na tangawizi, akakatakata moyo wa mgomba, akakoroga sufuria inayotosha kuogeshea mtoto, halafu akaibeba mpaka sokoni. Saa ile kwenye mkono wake ilikuwa na raha yake. Fundi alilalamika kwamba inawahi dakika moja kwa wiki kwa sababu mwanamke hatulii.

"Mwanangu kaniletea saa inayokula jasho langu," Tin Nyo alikuwa akituambia, anauinua mkono tuuone.

Ilisimama mara ya kwanza mwanzoni mwa mvua, mwaka wa mwisho kabla ya barabara mpya ya mlimani. Alikuja nayo mezani asubuhi, wanawake wa samaki wakamwona.

"Fundi! Saa ya nyumbani kwako imekata roho! Zetu tumpelekee nani sasa?"

"Mpelekeeni mama yenu," Fundi akajibu, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Mtu huyo ana kiburi kimoja tu duniani, nacho ndicho walichokigusa. Akaifungua, akaitoa mashine yote, akaosha kila gurudumu. Akakwangua alama yake kwa sindano ndani ya mfuniko, kama afanyavyo kwa kila saa aliyoitibu. Akaivaa siku tatu, ikatembea vizuri kabisa. Akamrudishia mkewe. Baada ya siku sita ikasimama.

Akaifungua tena. Akabadilisha springi. Alama ya pili. Akaivaa, ikatembea. Tin Nyo akaivaa, ikasimama. Mara ya tatu alibadilisha hata kile chuma cha nusu duara, alichokiagiza Yangon, akakesha nacho mawazoni kama mtu anayedaiwa. Alama ya tatu. Fundi mwingine yeyote akiufungua mfuniko na kukuta alama tatu za mkono mmoja ndani ya miezi miwili, angesema huyu alikuwa mjinga.

Nami nilikuwa mjinga wa karibu yake. Niliona mwenyewe kwamba tambi za Tin Nyo zinaisha saa mbili asubuhi, na zamani zilikuwa zikifika saa nne. Nikadhani biashara imechangamka. Kumbe alikuwa anapika nusu sufuria. Niliona mpwa wake ndiye anayebeba. Niliona msuli wake unafungwa mara mbili kiunoni. Nikamwambia, "Dada, umepata umbo la ujana, utaolewa tena." Akacheka. Yeye naye alificha. Aliogopa kugharimu, aliogopa kusumbua, sijui, wanawake wetu hufa kwa adabu.

Siku moja Fundi alikuwa ameiweka saa ile mbele yake kwa mara ya nne. Mvua inanyesha, wateja hakuna, mtu ameinama na lenzi jichoni anaitazama saa isiyo na kosa. Ikanichosha. Nikamtania tu, Mungu shahidi, utani mtupu.

"Kaka, si umwambie mkeo naye akafagie pagoda?"

Hakucheka. Kibano kilibaki hewani. Kisha akakiweka chini polepole, akaitoa lenzi jichoni, na jicho lake lilikuwa na duara jekundu kuzunguka.

"Saw," akaniambia, "saa ngapi sasa?"

"Wewe ndiye mwenye saa. Saa nne."

Akafunga sanduku la kioo saa nne ya asubuhi, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akaondoka bila mwavuli. Baadaye ndiyo alinieleza. Alimkuta mkewe amelala mkekani, sufuria haijaoshwa, na uso wake unamtoka jasho katika ubaridi ule. Badala ya kumpokea kwa upole alimpigia kelele, jinsi wanaume wanavyofanya wakiogopa.

"Saa hii haina kitu! Ni wewe! Unalala mchana tangu lini?"

"Tangu ilipoanza kusimama," Tin Nyo akamwambia.

Hospitali walimpiga picha, wakamwita Fundi pembeni. Uvimbe kwenye ini, umeshaenea. Kama angekuja mapema huenda wangefanya jambo, sasa ni dawa ya maumivu na chakula anachokipenda. Daktari hakumwambia mgonjwa, maana kwetu mgonjwa haambiwi. Anaambiwa mume, naye hubeba. Fundi alirudi kwenye meza yangu, akakaa kwenye kiti cha mteja, akalia mbele ya watu.

"Miezi miwili, Saw. Ilikuwa inaniambia miezi miwili. Nikawa naitibu yenyewe."

Nilimtengenezea tambuu, akaishika tu mkononi.

Lakini Tin Nyo alikuwa ameshasikia lile neno la mkekani, "Ni wewe,", na hakuwa mtu wa kusahau. Sasa akajua maana ya saa. Kila asubuhi akifumbua macho anaitazama kwanza saa, kabla ya maji, kabla ya mumewe. Akikuta imesimama anageukia ukutani.

"Imesimama, Baba Moe. Nimekwisha."

Siku hiyo hali chakula. Hata uji anausukuma. Fundi alijaribu kumwambia ni mafuta, ni unyevu, ni mvua. Mwanamke aliyeishi na fundi saa miaka thelathini humdanganyi kwa unyevu.

Basi siku moja baada ya saa sita mchana, namwona Fundi mezani na saa ya kijani ya kike mkononi. Mkanda haukumfikia, ameuunganisha kwa mpira wa kufungia karatasi. Anaitikisa huku anafanya kazi.

"Mama yangu! Kaka, siku hizi umekuwa bibi harusi?"

"Nyamaza," akasema. "Dawa ya mchana inamlaza mpaka saa kumi. Ninaitoa kwake, naivaa, namrudishia kabla hajaamka."

"Halafu?"

"Halafu asubuhi anaikuta inatembea. Jana alikula bakuli zima. Ameniomba kitana."

Nikaona ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona sokoni. Na kwa kuwa mkono wa fundi saa hautikisiki sana, kazi yake ni kutulia, nikamnyooshea wangu.

"Lete hapa. Mkono huu unapaka chokaa majani mia tano kila mchana. Kama kuna mkono wa kuishibisha saa hiyo, ni huu."

Kuanzia siku hiyo niliivaa mimi. Si kila siku. Siku zenye wateja wengi niliivaa, siku za ukimya aliivaa mwenyewe na kuzunguka nayo soko zima akipunga mkono kama anafukuza nzi. Wanawake wa samaki walijua, wakanyamaza, na kwa wao kunyamaza ni sadaka kubwa.

Tin Nyo akachangamka. Nilikwenda kumwona, nikamkuta ameegemea, unga wa mti wa kujipodolea mashavuni, anamfundisha mpwa wake kukaanga vitunguu kutokea mkekani. Alininyooshea mkono, mkono mwembamba kama mwiko.

"Tazama, Saw. Siku ya tisa leo. Haijasimama."

"Naiona, dada."

"Mimi nilikuwa nakufa, wajua? Sasa damu imerudi."

Nikatabasamu naye. Nilitabasamu kwa meno yote.

Sasa kulikuwa na jambo la Moe Pwint. Kibali chake cha kazi kilikuwa kinakwisha, na kipya angepewa tarehe ishirini ya mwezi uliofuata. Akiondoka Thailand kabla ya hapo, hapati tena, na miaka sita ya kumenya kamba imekwenda na maji. Fundi hakulala kwa ajili ya hilo. Mimi nilimwambia wazi, "Mwite. Karatasi zinatafutwa, mama hatafutwi." Akakubali. Tulikwenda pamoja nyumbani, alipoazima simu ya jirani, akampigia akiwa amesimama mlangoni.

"Mwanangu, mama yako anaumwa. Njoo."

Sauti ya Moe Pwint niliisikia hata mimi, ilikuwa imepaa. Anauliza anaumwa kiasi gani, anasema atapanda gari kesho asubuhi, anasema potelea mbali kibali. Halafu akasema, "Nipe mama. Nataka nimsikie mwenyewe."

Fundi akampelekea mkewe simu mkekani. Tin Nyo akajikaza, akakaa, akaitengeneza nywele kana kwamba binti anamwona.

"Usimsikilize baba yako, mwoga huyo. Nilikuwa mgonjwa, sasa napona. Unajua nimejuaje? Saa yako. Ilikuwa inasimama kila siku nilipokuwa siwezi kuinuka. Sasa wiki mbili haijasimama hata mara moja. Muulize baba yako, si ndivyo alivyosema, saa hii hutembea mtu akitembea? Muulize."

Akamnyooshea mumewe simu.

Nilikuwa mlangoni. Namwona Fundi ameishika simu ile kwa mikono miwili. Mkewe anamtazama kutoka chini, macho yanang'aa, anasubiri asifiwe. Fundi akanitazama mimi, mara moja. Kama ningetikisa kichwa tu, angeweza kusema ukweli. Sikutikisa.

"Baba, ni kweli?" Moe Pwint akauliza. "Wiki mbili haijasimama?"

"Haijasimama," akasema Fundi.

Na hilo halikuwa uongo, ndilo linalonikera mpaka leo.

"Basi nimalizie kibali, nije tarehe ishirini na moja, nikae naye mwezi mzima?"

"Amalizie, amalizie!" Tin Nyo alikuwa anasema kwa sauti, anacheka. "Aje na wale samaki wa kukausha!"

Ilikuwa imebaki siku ishirini na tatu. Zikapita kumi na mbili nzuri, na kila siku Moe Pwint alipiga kwa jirani kuulizia saa, Fundi akamjibu haijasimama. Siku ya kumi na tatu hakuomba kitana. Siku ya kumi na nne alikuwa anamwita Fundi kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Fundi akapiga simu tena, na safari hii hakumpa mgonjwa, kwa sababu hakuwa na wa kumpa. Moe Pwint akaondoka kiwandani na aproni yake ya plastiki mwilini.

Ile barabara ya zamani ya mlimani ilikuwa ya zamu wakati huo. Siku moja magari yanashuka kuja kwetu, siku ya pili yanapanda kwenda mpakani, hayapishani. Alifika Myawaddy, pale mpakani, siku ya kupanda. Akakaa pale siku nzima juu ya mfuko wake, anapiga simu kila nusu saa, na simu ya jirani nilikuwa nayo mimi. "Bado anapumua," namwambia. "Bado." Saa tatu asubuhi ya siku iliyofuata, yeye yumo garini milimani, simu haishiki, na Tin Nyo akaacha kupumua.

Tulimwosha. Kwetu vidole gumba vya maiti hufungwa pamoja kwa unywele wa mtoto wake. Tukamsubiri kidogo, kisha mpwa akasema mikono inakakamaa, tukafunga kwa uzi wa pamba. Fundi akaivua saa ya kijani mkononi mwake. Naam, alikuwa bado anaivaa, hata siku zile mkewe hakujua tena saa ni kitu gani. Alikuwa anaivaa mchana na kumrudishia jioni kama mtu anayetimiza zamu. Akamfunga mkononi juu kidogo ya ule uzi.

Moe Pwint alifika saa tisa mchana. Hakulia mlangoni, aliingia na kukaa chini kabisa, akaweka shavu lake kwenye kiganja cha mama yake. Kisha akainua kichwa, akaitazama saa.

"Inatembea," akasema.

Akamgeukia baba yake.

"Baba, inatembea. Alikuwa anatembea mpaka jana? Alikuwa anainuka?" Sauti yake ilikuwa na matumaini, hilo ndilo lililonivunja. Alikuwa anataka aambiwe kwamba alikuwa na sababu ya kubaki. "Kumbe ilikuwa ghafla tu? Siyo? Alikuwa mzima, halafu ghafla?"

Fundi angeweza kusema ndiyo. Nilimwomba moyoni aseme ndiyo. Alikuwa amekaa amekunja miguu, mikono mapajani, na alama ya ule mpira bado ipo kwenye ngozi ya mkono wake.

"Hakuinuka, mwanangu. Mwezi mzima na zaidi hakuinuka. Niliivaa mimi."

Moe Pwint alimtazama kama asiyeelewa Kiburma. Kisha akaelewa.

"Kila siku nilipopiga, nikauliza imesimama, ukasema haijasimama."

"Ndiyo."

"Basi nilikuwa naulizia hali ya mkono wako."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angepiga kelele. Aliung'oa unywele mmoja kichwani, akaukata ule uzi wa pamba kwa meno, akafunga vidole vya mama yake upya, na hakumgeukia tena baba yake siku ile wala siku ya mazishi wala siku ya saba tulipolisha watawa. Siku ya nane alirudi mpakani bila kibali, akatafute upya.

Imepita miaka sasa. Fundi bado anatengeneza saa, bado anauliza unalalia ubavu upi. Hakumtaja mtu mwingine aliyeivaa saa ile, hata siku moja. Moe Pwint hampigii baba yake. Hunipigia mimi, kila mwezi kabla ya mwezi mpevu, huniita shangazi, huniuliza mzee anakula, mzee anakohoa, na mwaka jana alinitumia sweta. "Nakuamini wewe tu," huniambia. "Wewe ndiye pekee usiyenidanganya."

Fundi huwa amekaa hatua moja kutoka kwangu, anasikia kila neno. Nami namwambia binti asante, mwanangu, sweta limenitosha.